Nesi alikuwa na simu sikioni huku anavuta dawa ya mama. Niirushe klipu?

"Shikamoo sista. Mama yangu ana miaka 67, alilazwa siku sita kwa nimonia na presha yake ya siku zote. Usiku wa tatu nesi alikuja na trei ya dawa, simu yake ikaita, akaibana kati ya bega na sikio akaendelea kuvuta dawa kwenye bomba la sindano huku anaongea habari za kikoba, akamchoma mama akaondoka. Baadae kwenye saa nane usiku dripu ikaisha, damu ikapanda kwenye mrija, nikakimbia kumwita nikamkuta mezani anachati anacheka peke yake, akasema nakuja, akaja baada ya dakika kama ishirini. Mama akatobolewa mara tatu kutafuta mshipa upya. Nilimrekodi klipu ya sekunde 40 akiwa anachati. Ndugu wanasema niirushe mtandaoni afunzwe adabu. Naomba kujua, hivi nesi anaruhusiwa kushika simu wodini? Ile simu haiharibu mashine ya oksijeni? Na ile hewa kwenye mrija si ingemuua mama? Mama katoka, wiki ijayo tunarudi kliniki palepale na naogopa wakituona watatukomoa."

Marahaba mdogo wangu. Pole na kuuguza, maana kuuguza mzazi usiku kucha kwenye kile kiti cha plastiki nako ni kuumwa kwa namna yake. Mimi ni nesi, mwaka huu natimiza miaka 23 kazini na nusu yake nimeila zamu za usiku, siku hizi nafundisha wanafunzi wa uuguzi ila wodi bado naishika. Kwahiyo kuna sehemu nitasema vitu wenzangu hawatavipenda na kuna sehemu wewe mwenyewe hutavipenda, nivumilie tu.

Nimeusoma ujumbe wako mara mbili tatu. Naona kilichokuuma zaidi ni kile kicheko cha saa nane usiku, mama damu inapanda kwenye mrija afu mtu anachekea simu. Nakuelewa kabisa. Lakini mimi kilichonishtua ni ile simu begani wakati anavuta dawa. Pale ndio palikuwa na hatari, na pale ndipo hata hukurekodi, maana ulipaona pa kawaida, mtu anapiga stori huku mikono inafanya kazi, sote tunafanya hivyo tukiwa tunakata vitunguu. Nataka nikae hapo kidogo kabla sijafika kwenye klipu yako.

Tuanze na hilo la kuruhusiwa. Jibu moja hakuna. Hospitali nyingine wamebandika kabisa ukutani kwamba simu binafsi marufuku ukiwa kwa mgonjwa, nyingine wanasema weka mtetemo, nyingine hawajasema kitu kila mtu anaenda na akili yake. Ila usidhani kila nesi ukimuona na simu basi yuko kwenye umbea. Nikuchukulie usiku mmoja tu wa kwangu: umeme umekatika, jenereta linasuasua, mwenzangu ananimulikia kwa tochi ya simu natafuta mshipa wa mtoto. Nahesabu pumzi za mtoto mwingine dakika nzima kwa saa ya simu kwasababu saa ya ukutani ilikufa tangu Pasaka na hakuna aliyenunua betri. Nakokotoa dozi kwa kikokotoo cha simu. Daktari wa zamu kaenda jengo lingine, naipiga picha karatasi ya majibu namtumia aniambie tunafanyaje. Na huko kwenye zahanati za vijijini ndio kabisa, mama katoka kujifungua damu haikati, nesi anapiga 115 ya m-mama, ile huduma ya usafiri wa dharura wa kina mama wajawazito na waliojifungua, kutafuta gari, na anapiga kwa simu yake mwenyewe kwasababu pale hakuna nyingine. Ukisema simu zote zifungiwe kabatini umefungia na hayo yote. Kwahiyo kuniuliza nesi ana simu au hana, mimi siwezi kukujibu chochote cha maana mpaka nijue dakika hiyo mikono yake ilikuwa inafanya nini.

Na dakika ya kuandaa dawa ni dakika ya peke yake. Sisi tunafundishwa mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, muda sahihi, na kuandika sahihi. Ukivitaja hivyo vinakuwa kama wimbo wa chekechea. Ngoja nikuoneshe vinavyokuwa mkononi.

Mtoto ana kilo 14, malaria kali, dawa ni artesuneti ya sindano. Mtoto wa chini ya kilo 20 anapewa miligramu 3 kwa kila kilo, kwahiyo 3 mara 14, miligramu 42. Kichupa kina unga wa miligramu 60. Unaweka kwanza maji yake ya bikaboneti mililita 1, unatikisa mpaka inakuwa angavu unaona upande wa pili. Kama inaingia kwenye mshipa unaongeza maji ya chumvi mililita 5, jumla 6, kila mililita ina miligramu 10, unavuta 4.2. Kama inaingia kwenye msuli unaongeza mililita 2 tu, jumla 3, kila mililita ina miligramu 20, unavuta 2.1. Umeona hapo? Dawa ileile, kichupa kilekile, mtoto yuleyule, namba mbili tofauti na nesi anazo zote kichwani kwa wakati mmoja. Sasa simu iite katikati. Umeshaweka zile 5 za mshipa, unapokea, "nipo kazini ntakupigia", sekunde sita tu, unarudi kwenye kichupa, kichwa kinakuletea 2.1, unavuta 2.1. Mtoto kapata nusu dozi. Hakuna kengele inayolia wala rangi inayobadilika, bomba lina dawa kama kawaida, na kwenye chati utaandika 42 na ukiapishwa utaapa ulitoa 42. Kesho mtoto hana nafuu, watu wanaanza kusema malaria yake sugu.

Ya mama yako ilikuwa dawa nyingine lakini shimo ni hilohilo.

Watu wanadhani akili inagawanyika, nusu iko kwenye simu nusu iko kwenye sindano. Haiko hivyo, akili inaruka. Inaacha hapa inaenda kule, na kila ikirudi inabidi ikisie iliishia wapi, na ubaya wake ni kwamba inakisia kwa kujiamini kabisa. Kitunguu hakina shida, mkono unakijua wenyewe. Ila namba uliyoishika kichwani kwa sekunde kumi haina pa kukaa, mtu akikuuliza tu "mgao wa kikoba lini" imeshadondoka. Kule Sydney, Australia, watafiti waliwafuata manesi 98 kwenye hospitali mbili wakawaangalia wakitoa dawa zaidi ya mara 4,000, matokeo yakatoka 2010. Zaidi ya nusu ya hizo mara nesi alikatizwa na kitu, na kila kukatizwa kumoja kulienda na ongezeko la karibu asilimia 13 la makosa ya dawa yenyewe, kama dozi au dawa isiyo sahihi. Akikatizwa mara nne kwa mgonjwa mmoja, uwezekano wa kosa kubwa ulikuwa mara mbili ya yule ambaye hakukatizwa. Na usifikiri walihesabu simu peke yake, walihesabu kila kitu kinachomkatiza nesi, na kwetu huku ungemuweka na ndugu wa kitanda cha jirani anayekuja kuuliza choo kiko wapi. Kwahiyo na nyie mnahusika mdogo wangu, nilikuambia utavumilia.

Wengine watasema basi iwe kwenye mtetemo mfukoni. Chuo Kikuu cha Florida State kule Marekani 2015 walitoa matokeo ya kitu kizuri sana, waliwapa watu kazi ya umakini kwenye kompyuta, afu wengine simu zao zikawa zinaita au zinaingiza meseji bila wao kuzipokea wala kuzisoma, na bado wakakosea zaidi kuliko wale ambao simu zao zilikaa kimya. Yani hata kupokea hajapokea! Ukiusikia tu ule mtetemo pajani akili imeshatoka nje kwenda kuangalia ni nani.

Na mimi nisijifanye malaika. Miaka ya nyuma, hospitali moja, zamu ya usiku, nachanganya antibayotiki, simu ikaita, dada wa nyumbani, mtoto wangu ana homa. Nikapokea, mzazi gani angeacha? Naongea huku mkono unatafuta kichupa cha maji ya kuchanganyia. Sasa pale kwenye trei kulikuwa na vichupa viwili vya plastiki vinafanana kama mapacha, kimoja maji, kingine potasiamu, ambayo ukiisukuma mshipani bila kuichanganya kwenye maji mengi moyo unaweza kusimama hapohapo. Mkono ukashika potasiamu. Mwenzangu, mama mtu mzima aliyekuwa anakaribia kustaafu, akanishika kiwiko akasema neno moja tu, "Soma." Nikasoma. Nikakaa chini, miguu haikunibeba. Hakunisema kwa mtu na mimi sikulala mchana wake. Tangu hapo nikianza raundi ya dawa simu inaingia droo ya mezani, na nyumbani wana namba ya mwenzangu wa zamu kwa jambo la dharura kweli kweli. Yule dada alikuwa na haki ya kunipigia. Ni mimi niliyekuwa sina haki ya kupokea dakika ile, ningeweza kuweka bomba chini, nikatoka pembeni nikaongea, nikarudi nikamwaga nilichoanza nikaanza upya. Hiyo ndiyo nawafundisha wanafunzi, ukikatizwa usiendelee, anza upya, dawa iliyomwagika ina bei ila inalipika.

(Kuna sehemu wamejaribu kuwavalisha manesi vizibao vilivyoandikwa wasisumbuliwe wakiwa wanatoa dawa. Huko huko Australia walivijaribu pamoja na mambo mengine wakatoa majibu 2017, kukatizwa kulipungua kweli, lakini chini ya nusu ya manesi ndio walitaka viendelee, wengine wanasema vina joto, vinakera. Nikaviwazia Dar ya mwezi wa pili nikacheka.)

Kitu ambacho hukuniuliza na kilitakiwa kiwe cha kwanza ni uchafu. Simu ya nesi inaenda chooni, sokoni, kwenye daladala, na wodini inalala mezani palipowekwa bakuli la usaha. Uturuki walipima simu za wafanyakazi wa hospitali 200, matokeo yakatoka 2009, asilimia 94.5 zilikuwa na bakteria. Wengi ni wale wa kwenye ngozi hawana neno sana, ila na wale sugu wa hospitali walikutwa. WHO wametuwekea nyakati tano za kusafisha mikono, kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi safi kama kuchoma sindano, baada ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Nesi akinawa vizuri afu akashika simu afu akamshika mama yako mkono kutafuta mshipa, kule kunawa amekufuta mwenyewe. Na mbaya kuliko zote ni kupokea simu na glovu. Ukimuona nesi kavaa glovu anabonyeza simu, ile glovu imeshaisha kazi yake, ana haki ya kuambiwa abadilishe na wewe una haki ya kumwambia. Simu ifutwe kwa spiriti ya asilimia 70, kava zile za manyoya na za kumetameta zibaki nyumbani. Hii inakuhusu na wewe unayeiweka simu juu ya mto wa mama ukienda kuchota maji.

Mashine ya oksijeni, hapo toa hofu. Mtungi unafanya kazi kwa presha ya gesi, hauna habari na simu. Ile mashine ya umeme inayovuta oksijeni kutoka hewani pia simu ya mezani kwa nesi haiisumbui. Hofu hii ilitokana na simu za zamani zilizokuwa zinatoa mawimbi makali, na si uongo, Amsterdam 2007 walionesha simu ikisogezwa sana kwenye mashine nyeti za ICU, mara nyingi ni sentimita chache tu, inaweza kuichanganya. Mwaka huohuo Mayo Clinic kule Marekani wakajaribu mara 300 kwenye vyumba vya wagonjwa kwa matumizi ya kawaida, hawakuona shida hata moja. Kwahiyo usiilaze simu juu ya monita au pampu ya dawa, kaa nayo mbali kama mita moja, inatosha. Nitakuambia simu inavyoweza kuua mgonjwa wa oksijeni kirahisi zaidi: ndugu anachomoa mashine ili achaji. Nimeshaingia wodini nikakuta mzee midomo imebadilika rangi, soketi ina chaja ya simu, mjukuu kalala fofofo. Na kuchaji kitandani kwa mgonjwa mwenye oksijeni usifanye, chaja inapata moto, na penye oksijeni nyingi shuka linawaka haraka kuliko unavyodhani.

Haya, hewa kwenye mrija. Najua umelala na hiyo picha. Dripu ya kuning'iniza inashuka kwa uzito wa maji tu, hakuna kinachosukuma. Maji yakiisha kwenye chupa yanaendelea kushuka kwenye mrija mpaka yanafika usawa ambao presha ya mshipa wa mkono inayakataa, yanasimama. Hewa inabaki juu. Mama akiinuka kidogo au mkono ukishuka chini ya kitanda, damu inapanda kwenye mrija, ndicho ulichokiona. Inatisha kuiangalia lakini mama hakuwa anaishiwa damu na vile viputo vidogo havikuwa vinaenda kumuua. Hewa nyingi mshipani ni hatari, ndio, hasa kwa wale wenye mrija mkubwa wa shingoni, ila kwa kanula ya mkononi, kile kibomba cha plastiki kinachoachwa kwenye mshipa, na dripu ya kuning'inia hali ya mama haikuwa hiyo.

Madhara yalikuwa mengine. Damu iliyokaa kwenye kanula inaganda, kanula inaziba, na mishipa ya mtu wa miaka 67 mwenye siku tatu za sindano haikupi nafasi nyingine kirahisi. Zile kutobolewa mara tatu ndizo gharama ya dakika ishirini. Na kama kulikuwa na dawa ya kuingia muda huo ilichelewa. Kwahiyo una haki ya kulalamika, ila lalamikia hicho, usiende kusema nesi nusura amuue mama kwa hewa, watakusahihisha hapo kwenye hewa na lililobaki la kweli litazimwa nalo.

Kuhusu zile dakika ishirini zenyewe, nikuambie kitu ambacho ukiwa kwenye kiti cha plastiki huwezi kukiona. Usiku nesi mmoja au wawili wana wagonjwa thelathini. Inawezekana kabisa alikuwa anachekea kikoba. Inawezekana pia alikuwa ameshika simu kwa dakika tatu za kwanza tangu saa mbili usiku, au yuko kwenye grupu la wodi anatafuta nani amletee dawa iliyoisha. Simtetei, "nakuja" ya dakika ishirini wakati dripu imeisha ni kosa liwe la kikoba au la grupu. Nasema tu klipu yako haioneshi kilichoandikwa kwenye kioo cha simu yake. Inaonesha mwanamke kavaa sare anatabasamu na simu saa nane usiku.

Sasa nyuma yake kuna nini? Iangalie tena taratibu kabla hujaituma kokote. Meza ya nesi ipo ndani ya wodi, nyuma yake kuna vitanda. Kuna mama wa watu kalala khanga imemfunuka, kuna jina kwenye faili, kuna sauti ya mtu anaita. Hao hawakukukosea kitu. Na tangu tarehe 1 Mei 2023 hapa Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi, habari za afya ya mtu zimewekwa kwenye zile taarifa nyeti. Nesi anayempiga picha mgonjwa bila ridhaa akaitupa grupuni anaingia humo humo, na ndugu anayerekodi wodi akairusha naye asijidhanie yuko nje. Kenya nao wana sheria yao ya 2019. Ushauri wangu mimi ni usiirushe. Klipu ikishaenda watu watamtukana yule dada siku tatu, watatukana na sura yake na kabila lake, hospitali itajikita kumtafuta aliyerekodi, na ile simu ya begani ambayo ndiyo ingeua mtu haitazungumzwa hata na mmoja, kwasababu haimo kwenye klipu.

Najua ndugu wataniona nawalinda wenzangu. Kuna wakati kurusha mtandaoni kumesaidia, siwezi kukataa, kuna mambo yalikuwa hayasikilizwi mpaka yalipowashwa moto. Lakini wewe hujagonga hata mlango mmoja bado.

Andika. Karatasi moja, si lazima iwe na Kiswahili cha mahakamani. Tarehe, saa, wodi, namba ya kitanda, kilichotokea: nesi aliandaa na kuchoma dawa huku anaongea na simu, saa nane dripu iliisha nikaita, alifika baada ya dakika kama ishirini, kanula iliziba, mgonjwa akatobolewa mara tatu. Usiandike "mvivu", usiandike "hana utu". Mpelekee muuguzi kiongozi wa wodi ile, mchana, siyo dirishani, omba kukaa naye ndani. Wengi wao, niamini, wanazitaka habari hizi, mimi nilipokuwa kiongozi wa wodi nilikuwa sijui usiku kunatokea nini mpaka ndugu mmoja alipokuja kuniambia kwa sauti ya chini. Akikupuuza panda kwa metroni au patroni, kisha kwa mganga mfawidhi, kuna na ofisi ya ustawi wa jamii palepale hospitali na namba za malalamiko huwa zimebandikwa getini. Ikiwa ni jambo kubwa, yani mgonjwa kapewa dawa isiyo yake, kadhurika, au picha zake zimesambazwa, kuna Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, hao ndio wenye leseni zetu mkononi. La mama yako kwa ulivyolieleza mimi ningeanzia wodini na ningetaka waniambie wamebadilisha nini, raundi ya dawa simu zinakaa wapi. Hata klipu unaweza kumuonesha huyo kiongozi kwenye simu yako, bila kumtumia, kisha uifute.

Kukomolewa, nisikuapie kwamba hakupo. Kupo, kwa maneno ya kejeli na faili kuwekwa chini ya mengine. Ila wa kliniki mara nyingi siyo wale wa wodi ya usiku, na mgonjwa ambaye malalamiko yake yameandikwa na yamepokelewa ni mgumu zaidi kumchezea kuliko aliyenung'unika koridoni, kwasababu kila mtu anajua faili lile linaangaliwa. Ukiona kabisa moyo hautaki, sanduku la maoni lipo, bila jina, ila ujue linafunguliwa kwa nadra na hutapata jibu.

Siku nyingine ikitokea mbele yako, usigombe na mtu mwenye sindano mkononi. Sema taratibu, "Sista samahani, malizia simu kwanza, sisi tunasubiri." Tisini kwa mia ataona aibu atakata. Akirudi muulize, "Hii ni dawa gani, na ni ya jina la nani?" Mlazimishe kusoma kwa sauti bila yeye kujua umemlazimisha. Dripu ikikaribia kuisha muite ikiwa bado imebaki kidole kimoja cha maji, usingoje iishe, na kile kigurudumu cha kwenye mrija usikizungushe kuongeza mwendo hata akichelewa vipi, moyo wa mtu wa presha hautaki maji ya mbio.

Sasa mama mwenyewe, hapo ndio usisubiri wiki ijayo kama kuna dalili. Angalia alipokuwa na kanula na zile sehemu tatu. Alama ya bluu inayopotea ni kawaida. Pakiwa pekundu, pamoto, pamevimba, ana maumivu akiguswa, pana kitu kigumu kama kamba kinapanda juu ya mkono, au panatoa usaha, mpeleke leo akaonwe. Na kwa nimonia yake, akianza kupumua haraka, kifua kinamvuta, midomo inageuka rangi, anashindwa kula, au anaanza kuongea vitu visivyoeleweka, twende usiku huohuo. Hilo la kuchanganyikiwa liwekeni akilini, watu wazima wa umri huo wanaweza kuzidiwa bila hata homa kupanda, mkadhani kachoka tu. Antibayotiki za kumeza alizopewa azimalize hata kama kikohozi kimeisha. Na kwa kuwa kuna wasiwasi na dozi ile ya usiku wa tatu, mwambie daktari wa kliniki hivyo hivyo, "usiku mmoja hatuna uhakika dawa ilitolewa vizuri", amsikilize kifua, akiona haja atarudia picha. Hiyo siyo kesi dhidi ya mtu, ni habari ya mgonjwa wake.

Mkienda mchukue karatasi ya kuruhusiwa na dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, za presha, za hospitali, na zile za duka la dawa ambazo najua zipo na hamtaki kuzitaja. Wahini asubuhi. Na mkiingia simu yako uizime sauti, nesi akianza kulisoma jina la mama kwenye kadi kaa kimya kidogo amalize, maswali yako yaandike pembeni umuulize akishaweka kadi chini.